Kurudi Nyuma kwa Masikio

...wala si kwamba hajui, aulizwe mtu yeyote pale kwa kinyozi, atataja ni nani anayerudisha lori nyuma kwa jicho moja huku anatafuna karanga, na gia ya nyuma keshaitia, mguu uko kwenye breki, injini inatetemeka kama mgonjwa wa homa, mtahini kando yake ameshamwambia kwa upole kabisa arudi aingie katikati ya mapipa yale mekundu, haya, arudi basi, ni kuachia breki tu... mbona haachii? Mtahini ana peremende mdomoni, anaihamisha shavu hili, shavu lile, kila ikigonga meno, tuk, mguu wa kijana unataka kuinuka, na hapo ndipo anashtuka, kumbe anangoja mlio, mwanamume mzima na ndevu zake za kuhesabika, yuko kwenye mtihani wa leseni ya magari ya mizigo ya kati, anangoja dada yake agonge bodi huko nyuma. Maana ndivyo wanavyofanya kazi wao, kuhamisha watu vyombo, barabarani anaendesha mjomba, lakini shingo ya mjomba haigeuki, basi wakifika getini kwa mtu mjomba anashuka kunyoosha miguu, yeye anarukia usukani, dada anasimama nyuma, kofi moja kwenye bodi maana yake njoo, mawili simama, matatu umeshakanyaga masufuria ya watu, na hayo matatu ameyasikia siku moja tu, na hata siku hiyo alisema masufuria ndiyo yaliyokaa vibaya... Jicho moja kitu gani, huwa anawaambia kwa kinyozi, hata nikifumba yote mawili, wanacheka, wanamwita Mdomo, kumbe hilo ndilo la kweli pekee alilowahi kusema pale, angeweza kuyafumba yote, alikuwa harudi kwa macho, alikuwa anarudi kwa masikio. Mtahini anakohoa, anauliza kama gari lina tatizo, hapana mzee, naliacha lipate moto kidogo, anajibu, na papo hapo anajiona alivyo bwege, lori limenguruma tangu getini, moto gani tena... Na asubuhi alivyotoka nyumbani kifua mbele! Shati kapigiwa pasi na dada, tumbo la dada likigusa ukingo wa meza, dada huyo huyo aliyemsomesha alama za barabarani wiki nzima huku anafua, maana yeye na shule waliachana kwa amani, hakuitaka na yenyewe haikumtafuta, lakini dada akikuuliza pembetatu hii ina maana gani ukakosea, unarushiwa maji ya povu usoni, sasa nani atashindwa kujifunza? Alipomaliza kola akasema bila kumtazama, "Mdogo wangu, leo ukipata, mimi nashuka. Huyu aliyemo humu hautaki moshi wa lori lako." Yeye akamtania kwamba mtoto huyo atazaliwa anagonga bodi, dada akacheka mpaka akashika kiuno, akaketi kitandani, na alipoketi hakuinuka upesi... wakati ule hakulitilia maanani, alikuwa anajitazama kwenye kioo, sasa ndiyo anaiona ile miguu, imevimba, viatu amevikanyaga visigino kama kandambili. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuvuka barabara, akamfundisha kurudisha lori wakati mwenyewe hajui hata gia ya pili iko wapi, na yeye akaenda kujisifu kwa kinyozi. Na akifeli leo? Mjomba macho yameanza kuona barabara mbili, daktari kamwambia aachie usukani, atatafutwa dereva wa kukodi, na geti la kwanza tu dada atakuwa kule nyuma, kwenye moshi, na tumbo lile, hatakaa nyumbani, anamjua, yule akijua kuna mtu hajaweza hakai... Anageuza macho kwenye kioo cha pembeni, anakutana na nywele zake mwenyewe, zimekaa vizuri mno, kioo alikiinamisha yeye jana achanie, mungu wangu, anakisukuma taratibu, nywele zinaondoka, linakuja bodi, yanakuja mapipa, madogo kama vikombe, na mbali, nyuma ya uzio wa waya, dada aliyemsindikiza, mikono kaibana kwapani yote miwili, kama mtu anayeizuia isifanye kitu. Pipa la mwisho, lile la nyuma ya lori, halionekani. Lipo, ila kioo hakilioni, na kwa kinyozi hakuna aliyewahi kumsikia Mdomo akisema hajui... tuk, inasema peremende. Anavuta breki ya mkono, anatoa gia.

"Mzee, naomba nishuke nikatazame nyuma kwanza. Kutoka hapa sioni."

"Nani amekukataza?"

Basi anashuka, na kule kwenye uzio dada anaweka mikono kichwani, anadhani ameshafelishwa, kijana anataka kumpungia kwamba bado, dada, bado hatujaanza, lakini anapita tu, anafika nyuma ya lori, mahali ambapo yeye, mtu wa mbele siku zote, hajawahi kusimama akatazama, pipa liko palepale, hatua chache, na kwenye bodi, usawa wa bega, rangi ya buluu imelika mpaka bati linang'aa, duara moja dogo, linalong'aa kama limesuguliwa kwa makusudi, anaweka kiganja chake juu yake, kinazidi pande zote, kumbe mkono wa dada ni mdogo hivi, injini inanguruma, mapipa yamesimama, na yeye bado hajautoa mkono...