Nukta Zilizotupwa Kapuni

Huyu mchora ramani alikuwa mtu wa kuchokonoa mambo, na siku hiyo alipata la kuchokonoa. Alikuwa amekusanya maandishi ya wazi ya mitandaoni, kila andiko na mahali lilipotumwa, akayageuza nukta za rangi: lugha moja, rangi moja. Mji mzima ukajaa rangi. Ila lugha ya bibi yake, aliyemlea, haikuwa na nukta. Jamani, hata moja! Na saa kumi ramani ilitakiwa kliniki, ipangiwe wakalimani. Lugha isiyo na nukta ilikuwa inakosa mkalimani. Kwa bibi, kazi hiyo aliifanya mjukuu mwenyewe, na kila safari bibi alimlalamikia daktari goti tu, huku mwili unakwisha kila mtu anaona.

Akafungua kapu la maandishi yaliyotupwa. Lo! Mia nne na kumi na mawili, yote ya lugha ile ile, yote ya simu moja, mtaa wa nyuma ya soko. Kanuni aliiweka yeye mwenyewe: simu inayotuma zaidi ya hamsini kwa wiki ni mashine ya matangazo, maandishi yake yatupwe.

"Mashine gani hii inayosalimia wajukuu?" alijiuliza, akabeba mkoba.

Pale simu ilipokuwa ikitumia, alikuta duka la mshonaji. Wanawake sita walikaa kwenye benchi, na hakuna aliyeleta kitambaa. Akauliza habari za ile mashine.

"Mashine ndiyo mimi!" mshonaji alicheka mpaka akashika mbavu. "Hawa hawajui kuandika, mwanangu. Wanasema, naandika, nabandika kwenye ukurasa wa watu wa kwetu. Kila andiko naanza na jina la mwenyewe. Wako sitini na wawili."

Sitini na wawili! Mchora ramani nusura aruke kwa furaha. Akampigia bosi wake papo hapo: ramani isitumwe kwanza. Bosi akaguna, akakubali.

"Hebu nione," mchora ramani akasema, akapokea simu ya mshonaji. Salamu, misiba, utani wa mashemeji. Kisha: *Mimi Bibi Redio.* Moyo ukampiga paa. Bibi yake ndiye aliyeitwa hivyo, kwa kutofunga mdomo.

*Kifua kinaniuma mwezi wa tatu sasa, natema damu. Kwa daktari nasema goti, maana anayenisemea ni mjukuu wangu, na roho yake nyepesi. Msimwambie.*

Akakaa benchini kati ya wale wanawake.

"Mama," alimwambia mshonaji, "funga duka, nakuomba. Twende tukamchukue bibi. Kwa daktari utaingia naye wewe. Mimi nitakaa nje."