Namba za Kijani

Kosa lake lilikuwa la kikarani hasa, kosa la mtu aliyekaa masijala miaka kumi na tisa: alizitia kurasa namba kabla ya kuzivujisha. Mwizi gani huyo, jamani! Lile faili la siri, la maji ya mji yaliyoingiwa na sumu ya kiwanda, halikuwa na namba hata moja, na lilifanywa hivyo makusudi, ili ukurasa ukinyofolewa mtu asijue. Yeye akaona aibu faili litoke masijala limekaa hovyo namna ile. Akashika kalamu yake ya kijani, akaziandika kurasa moja mpaka kumi na nne, ndipo akazipiga picha na kuzipeleka gazetini. Gazeti lilipozichapa, saba yake yenye mkato katikati ilitambuliwa na ofisi nzima kabla ya chai ya saa nne.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya mkurugenzi, shemeji yake, kaka wa mumewe, yuleyule aliyemwingiza kazini. Hakuambiwa akae. Wenzake wa masijala walikuwa wamemzomea korido nzima, na walinzi wawili waliomleta walibaki mlangoni. Mumewe, aliyeitwa aje amtie akili, alimtazama kama mtu aliyemkanyagia chakula.

"Shemeji, nimekushika mkono, umening'ata," mkurugenzi akasema, akamsukumia karatasi. "Saini hapo kwamba zile kurasa ulizitunga mwenyewe. Utafukuzwa kazi, yataisha. Usiposaini, ni jela."

"Nikisaini, watu wataendelea kunywa sumu ya kile kiwanda."

"Watu! Hao watu ndio watakulishia watoto?" mumewe akadakia. "Saini, mwanamke, acha kiherehere!"

Jela aliiogopa, tusidanganyane. Lakini hasira ilikuwa haijampoa tangu siku aliyosoma ukurasa wa tisa, wenye orodha ya mitaa inayopata maji yale.

"Sisaini."

"Haya!" Mumewe akainuka. "Watoto nawapeleka kwa mama leo hii. Na usithubutu kukanyaga pale."

Hapo karani akapayuka. "Kwa mama yako? Mtaa wake ndio wa kwanza kwenye orodha! Kwani kaka yako hakukwambia? Ripoti aliipokea yeye, mwezi wa tatu. Hebu muulize, wanawe waliokuwa wakikaa kwa bibi yao aliwaondoa lini!"

Mume akacheka kwa dharau, akamgeukia kaka yake wacheke pamoja. Mkurugenzi alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangika. Kicheko kikakatika.

"Kaka, si uliniambia umewasogeza karibu na shule?"

Mkurugenzi akaanza kuzipanga upya.

"Wanao ukawatoa. Mama ukamwacha anywe?"

"Mpelekeni," mkurugenzi akawaambia walinzi, akimwonyesha karani. Halafu kidole kikahamia kwa mdogo wake. "Na huyu mtoeni nje."