Blanketi Juu ya Maji Yanayochemka

Mbeke wa Kitengela aliogopa boda boda, aliogopa nyaya za stima, aliogopa hata umande wa asubuhi. Blanketi hakuliogopa.

Binti yake Mukonyo, wa miaka kumi na saba, alikuwa amezibwa kifua tangu mvua ianze. Kila jioni Mbeke alimfukiza kama yeye alivyofukizwa utotoni Ukambani: sufuria ya maji yanayotokota na majani ya mikaratusi, blanketi kutoka kichwani hadi chini, na amri moja tu, usitoke bila jasho. Ikasaidia kidogo. Ndipo jirani, Evalyne, akamwambia kuwa kusini mwa Kajiado kuna maji yanayotoka ardhini yakichemka yenyewe.

"Sasa mimi ninamaliza makaa ya nini?" akauliza Mbeke. Jumamosi akafunga safari na binti yake, blanketi likiwa kwenye begi.

Walikuta vidimbwi viwili. Cha juu kilitulia, kikitoa mvuke mwembamba. Cha pili kilikuwa ndani ya shimo la mawe, kikibubujika bila kupumzika. Juu ya ukingo palikuwa na mchungaji wa mbuzi, mtu mzima aliyeitwa Saruni.

"Supa, yeiyo," akamsalimu kwa Kimaasai, akimwita mama. "Maji moto iko kwa hii ya juu. Chota na karai, mkae nayo kwa upepo. Ile ya shimo wachana nayo. Mbuzi ikilala pale haiamki."

Mbeke alishukuru kwa mdomo. Moyoni alisema, wenyeji hawakosi kujifichia kizuri. "Hii ya juu imelala," akamnong'oneza Mukonyo. "Ile ndiyo inachemka."

Wakateremka. Alitia kidole majini: vuguvugu. Afadhali, hayatamchoma mtoto. Njiwa mfu alikuwa kando ya maji. Akamsukuma kwa kiatu.

Mukonyo aliinama akacheka. "Mum, hii si kuchemka. Ni kama soda. Inaniwasha pua."

"Hiyo ndiyo dawa. Kaa chini."

Akamfunika.

"Mum, hakuna hewa."

"Hata nyumbani husema hivyo. Vumilia."

Na ni kweli, nyumbani alisema hivyo kila jioni. Kwa hiyo Mbeke akakaza pindo kwa mikono miwili. Kukawa kimya. Akadhani jasho limeanza, mpaka uzito wa binti yake ukamwegemea mguuni.

Saruni aliruka shimoni mashavu yamejaa pumzi, kama mtu anayepiga mbizi. Akamshika msichana kwapani, akamvuta hadi juu. Mbeke aliinama kuokota blanketi, magoti yakalegea. Mkono wa Saruni ukamnyakua naye.

Alimpulizia msichana pumzi mdomoni. Ilichukua muda kabla ya kifua kile kujiinua chenyewe.

"Haichemki, yeiyo," Saruni akasema akihema. "Ni hewa mbaya inatoka chini, nzito kuliko hii yetu. Inajaa kwa shimo kama maji. Wewe ulikuwa umesimama, kichwa ikakuwa juu yake. Yeye ulimfungia nayo."

Hospitalini daktari alisema yaleyale kwa maneno marefu, akamwekea Mukonyo oksijeni siku tatu.

Mama mwenzangu, maji kububujika si kuchemka. Uliza wenyeji, na wakikujibu, amini. Wala usimfunike mtu juu ya maji usiyoyajua.

Mukonyo yuko hai. Husahau majina ya watu, na wakati mwingine huacha sentensi katikati akimtazama mama yake ammalizie. Ya siku ile hakumbuki, ila blanketi kushuka.

"Mum," aliuliza juzi wakichambua maharagwe, "nilisema kitu huko ndani?"

Mbeke aliokota jiwe kwenye ungo, akalitupa, akatafuta lingine.

"Hukusema kitu," akamwambia.

Mukonyo akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua.