Hodi ya Tatu

1.

FOMU YA TAARIFA ZA MTU MZIMA MWENYE USONJI
(Ijazwe na ndugu wa karibu)

Jina: Zamda Shekiondo. Umri: miaka 36.
Kazi: Anafuma vitambaa vya makochi, nyumbani.
Swali la 14: Je, mhusika anapenda kukaa na watu?
Ndiyo [   ]     Hapana [ ✓ ]
Maelezo: Toka utotoni ni mtu wa peke yake.
Aliyejaza: Shaweji Shekiondo, kaka.

2.

Mhusika ni mimi. Nilikuwepo.

Nilikaa kulia kwa kaka Shaweji, kwenye kiti cha plastiki chenye ufa. Daktari aliuliza, akanitazama, akasubiri kama watu wanavyosubiri, yaani hakusubiri. Jibu langu lilikuwa njiani. Lilifika tumeshashuka ngazi.

"Napenda," nikasema.

"Unapenda nini, mdogo wangu? Soda?"

Akaninunulia soda.

3.

(Tangazo la kaka, limebandikwa mlangoni kwangu, namba 4. Kalamu nyekundu.)

NDUGU WAPANGAJI,
DADA HUYU ANA USONJI. HAPENDI KUSUMBULIWA.
MWENYE SHIDA APIGE SIMU KWA KAKA YAKE.
ASANTENI KWA USHIRIKIANO.

Sikulibandua. Tangazo likishabandikwa ni tangazo.

4.

Uani, Alhamisi, wanawake wanachagua mchele:

— Mpisheni huyo apite.
— Ndo kuringa au?
— Haringi, kaumbwa hivyo. Hapendi watu.
— Basi tumwache, maskini.
— Tumwache.
— Mbona pazia lake linatikisika?
— Upepo huo.

5.

Upepo. Haya.

Nakaa nyuma ya pazia na ungo wangu. Wao wakichagua, nami nachagua. Kidawa wa chumba namba 6 husimulia visa vya mume wake wa kwanza, aliyekuwa akilala na viatu ili akiitwa kwenye pilau asichelewe. Kicheko changu huchelewa. Siku ile nilicheka wao wameshafika kwenye habari za msiba wa Pongwe. Wote waligeukia pazia.

Kelele zikizidi zinaniumiza, hilo ni kweli. Pilipili nayo inawasha, na watu wanaila.

Nataka kukaa nao. Robo saa tu, pale pembeni karibu na karo la kuoshea vyombo. Hata nisiposema kitu. Nataka mpaka kifua kinauma, na sijui mtu anaanzia wapi

6.

KIDAWA:

Mimi sijui kusoma matangazo ya watu. Kusoma najua, kutii ndiko sijui.

Nilimpelekea mbaazi za nazi kwenye bakuli langu la maua ya bluu. Hodi. Hodi. Hodi. Tatu ndizo tulizofundishwa. Zikiisha bila jibu unaondoka, usimvunjie mtu stara yake. Nikaliacha bakuli kizingitini. Nilipofika karoni nikageuka: bakuli halipo.

Aa, nikasema. Kumbe.

Bakuli likiingia litatoka. Na kwetu bakuli la jirani halirudi tupu.

7.

Hodi ya kwanza: nasikia.
Ya pili: naelewa kwamba anayeitwa ni mimi.
Ya tatu: nasimama.
Mpaka mlangoni: hatua sita.
"Karibu":




(hapo nje hapana mtu)

8.

Mbaazi nilizila zote. Bakuli nikalijaza mchele. Siku tatu niliuchagua, punje kwa punje, isibaki kokoto hata moja, wala chuya hata moja. Nilipanga kulipeleka Jumapili saa nne, uani kunapokuwa na watu wawili tu.

Jumamosi alikuja kaka.

9.

SHAWEJI, kwenye simu na mkewe:

"Eh, nimepita kwake. Nimekuta bakuli la watu kalitia mchele, nikaumimina kwenye ndoo yake, nikaliosha, nikampelekea yule mama wa namba sita. Nimemwambia ameshukuru sana... Mwenyewe? Alikuwa anatikisa mikono tu, analiangalia bakuli. Nikamwambia tulia, nimeshakumalizia, huna haja ya kuonana na mtu... Hapana, sikai. Nikikaa namchosha. Mke wangu, mimi nikifa, huyu nani ata... Haya. Ninunue mkate?"

10.

KIDAWA:

Tupu.

Limeoshwa, linang'aa, tupu. Nikajua nimeambiwa nisirudi. Mimi si mtu wa kulilia bakuli. Nililia kidogo.

11.

Mhusika hakuweza kueleza.

Jumatatu mhusika alisimama mbele ya mlango namba 6 kwa dakika arobaini, mchele ukiwa kwenye mfuko. Mhusika alipiga hodi mara tatu kwa sauti aliyojaliwa. Ndani redio ilikuwa inasoma vifo. Tatu zikaisha.

Mhusika aliondoka, kwa kuwa ndiyo adabu.

12.

KWA WAPANGAJI WOTE
Chumba namba 6 kitakuwa wazi kuanzia Jumamosi. Mpangaji anahamia kwa bintiye, Korogwe. Mwenye kumjua mtu mstaarabu amlete.
— Mwenye nyumba

13.

Siku tano za mazoezi.

Kosa langu nimeliona. Nilikuwa nasimama kwenye ya tatu, ndiyo maana. Sasa ni hivi: ya kwanza, nasimama na kwenda. Ya pili, mkono kwenye komeo. Ya tatu, nafungua. Kabla ya hapo mkono haukubali, nimeubembeleza, nimeukemea, haukubali. Lakini kwenye ya tatu unafungua. Nimejipigia hodi mwenyewe mara mia mbili, na mia mbili zote mlango umefunguka.

Atakuja kuaga. Kidawa hawezi kuondoka bila kuaga, hata paka wa jirani anamuaga.

Wewe unayesoma, umeyasikia yote mawili, yake na yangu. Ungekuwa na namna ya kumwambia, ungemwambia.

Huna. Najua hali hiyo.

14.

KIDAWA, Jumamosi asubuhi:

Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kipo getini, godoro limeshafungwa kamba. Nimewaambia siondoki bila kumuaga yule dada, anitake asinitake. Nimesimama chini ya tangazo lake, bakuli mkononi. Nimelitia visheti.

Hodi.

Kiti kimesogea. Nyayo.

Hodi.

Kimya. Lakini pumzi ya mtu naisikia, hapa hapa, upande wa pili wa ubao. Yallah, yupo. Kumbe anakuja, ila anakuja polepole. Na mimi siku ile nilimpigia tatu mfululizo kama mdai.

Basi ya tatu siisemi. Nikiisema na asijibu, sina budi niondoke. Nisipoisema, bado nina haki ya kusimama hapa. Nimpe nafasi. Wenye gari na wangoje.

15.

Nimeshika komeo.

Mkono wa kushoto una mfuko wa mchele. Kitambaa cha bluu nilichofuma nimekiweka juu ya mfuko, kwa ajili ya bakuli la Kidawa.

Moja.

Mbili.

Dereva anapiga honi. Anapiga tena. Kuna mtu anaita, "Bi Kidawa, jua linapanda." Hajibu. Kivuli cha miguu yake kipo chini ya mlango, hakijaondoka.

Naomba aseme.

Bado moja.