Waya Aliouhamisha Glenys

Nimesoma umeme shule ya usiku, na cheti changu kinaning'inia sebuleni, lakini sijapata kuona taa kaidi kama zile. Zilikuwa taa mbili kubwa za ziada, tulizofungiwa mbele ya pikapu yangu. Ukiwasha fulu, ule mwanga wa mbali, zinazima. Ukirudi dimu, zinawaka, na dereva wa lori anayekuja unampofusha.

"Hizo si taa," alisema rafiki yangu Nev. "Huyo ni mama mkwe wangu. Mwombe hivi, anafanya vile."

Alitania, lakini hofu alikuwa nayo. Figo zake zimekwisha. Kabla ya mapambazuko ya kesho yake ilibidi nimpeleke hospitali ya Charleville, kwenye mashine ya kusafisha damu, na safari iliyopita kangaruu aliruka mbele yetu ghafla, tukaponea chupuchupu. Nev akaapa: taa zisipotengemaa, haendi. Na asipokwenda, miguu inavimba na pumzi inambana.

Nikamwita Glenys Pascoe, fundi umeme wa magari. Alikuja na mbwa wake na mdomo wake.

"Nani kawafungia hizi?"

"Jamaa wa matairi," nikajibu.

"Basi matairi yake ndiyo yanayomulika. Sogeeni, wazee wangu, mnanizibia mwanga. Anayejua kuliko mimi aseme sasa hivi."

Nikasogea.

Wengine wangeanza kubadilisha fyuzi na rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayowasha taa za ziada. Yeye alichukua testa, kile kitaa cha kupimia umeme, akabana waya wake kwenye bodi ya gari, ncha akaigusisha kwenye waya wa fulu nyuma ya taa ya gari. Testa ikawaka, na fulu hatujaiwasha!

"Nev, ingia ndani, washa fulu."

Testa ikazima. Glenys akacheka mpaka mbwa akabweka.

"Gari lenu halikati moto, linakata athi! Moto wa betri uko kwenye taa muda wote. Swichi inafungua hiyo njia ya kurudi tu. Aliyefunga rilei alidhani magari yote ni ndugu."

Nikaelewa palepale, na nikamvulia kofia. Rilei ilikuwa inapata moto wakati fulu imezimwa, na kuukosa fulu ikiwaka. Glenys akafungua waya mmoja tu wa rilei, ule uliokazwa kwenye bodi, akauhamishia upande wa moto, akautia fyuzi. Basi. Kazi safi, wala hakukata waya mwingine.

"Fulu!" Zikawaka. "Dimu!" Zikazima.

"Dada, wewe mchawi," Nev akasema.

"Mchawi hahitaji testa, mzee. Kalale, una safari."

Tuliondoka giza bado. Taa zilifungua barabara mbali sana, mpaka kwenye majani ya pembeni. Niliwaona mapema kabisa kangaruu watatu wamesimama, nikapunguza mwendo taratibu, wakavuka kwa raha zao.

Nev hakuwaona. Alikuwa amelala, kinywa wazi, mpaka getini hospitali.