Jina la Muuza Jibini

Jumanne, tarehe 8 Machi 1853, saa tatu asubuhi, muuza jibini aitwaye Skrake alibisha mlango wa Harriet Pell huko Clerkenwell, toleo la sita la riwaya ya Pell likiwa kwapani.

Pell alijua kosa lake. Alikuwa amelisoma jina hilo juu ya duka, akipita ndani ya basi la farasi, akalipenda kwa kuwa lilikwaruza kama bawaba yenye kutu. Akampa mlezi wa mayatima katika riwaya hiyo, yule anayefungia mkate kabatini. Katika riwaya za Pell jina lilifanya nusu ya kazi: binti mwema alipewa jina la ua, mwalimu wa viboko jina la mti mgumu, na msomaji akajua wa kumchukia kabla mhusika hajafungua kinywa. Utaratibu huo uliwafaa sana wasomaji wasiopenda kufikiri, na mwandishi mmoja pia.

Skrake alitaka jina libadilishwe, la sivyo wakutane mahakamani. Haikuwezekana, matoleo sita yalikuwa tayari mikononi mwa watu. Naye Tapsell, mchapishaji, alitamka wazi kwamba kesi ikifunguliwa, Pell asahau mkataba wa kitabu kingine. Ikabaki njia moja: mlezi atubu.

"Mwenye jina kama hilo hatubu, Bi Pell," Tapsell alisema. "Wasomaji wataona umewapunja."

Alitubu. Katika toleo la saba alilia ukurasa mzima, akagawa mkate, hata siagi.

Tarehe 12 Aprili Skrake alirudi, safari hii kofia mkononi. Alieleza kwamba watu walikuwa wakija hata kutoka Islington kumchungulia mwovu, na kwa kuona haya kuondoka mikono mitupu, walinunua jibini. Sasa hawaji.

"Na ulipokuja kunitisha, duka lilikuwa limejaa?"

"Limefurika. Mke wangu ndiye aliyenituma. Na leo kanituma yeye yeye."

"Na heshima ya jina lako, bwana?"

"Heshima haijazi duka, Bi Pell. Mrudishe alivyokuwa. Ukiweza, mwongezee bakora."

Pell alimsogezea karatasi na kalamu. Skrake akaandika kwamba hatashtaki, akatia sahihi.

Jumamosi, tarehe 30 Aprili, toleo la nane lilitoka. Kabati likafungwa tena. Kufikia saa tano foleni ya jibini ilikuwa imepinda kona. Jumatatu Tapsell alileta mkataba, wenye sharti moja lililoongezwa kwa wino: majina ya waovu yatoke makaburini tu, kwa wenyewe wasiofungua kesi wala maduka. Pell alitia sahihi saa sita mchana.