Kondoo wa Akika Bafuni

...na maji usiyafunge, Mama, fungulia tu ukae humo, nitamwambia unaoga, kasema Saumu, akanifungia mlango, mwanangu wa kumzaa, kwa hiyo naoga, nguo zote mwilini na mtandio kichwani, nimekaa juu ya kifuniko cha choo, kondoo katikati ya magoti yangu, mkono wangu umembana mdomo asilie, na shawa inamwagia hodhi tupu maji ya bure, huku sebuleni yule Sheldon wa ofisi ya nyumba anakagua ving'ora vya moshi, walibandika notisi mlangoni wiki nzima na sisi tukaisoma leo, tutaingia baina ya asubuhi na jioni, ofisi ni moja dunia nzima, siku inaijua ila saa inaona haya kuitaja, nami nilikuwa nikiandika hivyo hivyo Kilifi, ofisi ya mifugo, wenye mbuzi wote wafike asubuhi, kisha daktari mwenyewe nikatokea adhuhuri... tulia baba, tulia, ni usiku mmoja tu, kesho alfajiri unapakiwa garini mpaka Houston ukachinjwe akika ya mjukuu wangu mchanga, kwa Riyadh, kaka yake mkwe wangu, yeye ana uwanja na shekhe na sufuria za pilau, sisi huku Lewisville tuna roshani, na roshani ina kanuni, paka wawili ruhusa, mbwa wa aina fulani marufuku, kondoo hakutajwa, na kisichotajwa kimeruhusiwa, kasema Abdulsalam mkwe wangu, huyu angefaa kuwa kadhi badala ya kushinda ofisini Plano akitazama kompyuta... lakini mate haya mbona mengi, na mdomo mbona wa moto, umefura, nimfunue kidogo tu, kwa kidole gumba... ah. Ulimi umevimba, rangi ya zambarau lililoiva, ufizi una vidonda, na jana alipochechemea ngazini nikajiambia ni uchovu wa gari, uchovu gani, mwanamke umesomea wanyama ukazeekea kwao, huu ni ugonjwa wa ulimi wa buluu, ambao mara nyingi ulimi hata si wa buluu, jina bila shaka lilitolewa na mtu wa ofisini. Na nilishaona, jana kule shambani tulikomnunua, kaskazini ya Denton, wakaniambia Mama kaa kwenye gari, kuna jua, kuna matope, nikakaa, na kwa kioo nikamwona kulungu amekufa ukingoni mwa bwawa, kichwa majini, muuzaji akasema ni joto, Abdulsalam akanitafsiria joto, nami nikalipokea joto kama shahada, na huku najua kulungu mwenye homa hii hukimbilia maji akafia hapo, na usubi wanazaliana kwenye tope lile lile, vidudu vidogo kuliko punje ya ufuta, wanamuuma kulungu, wanamuuma ng'ombe asiye na habari, wanamuuma kondoo, hawaulizi huyu ni wa serikali na huyu ni wa bwana nani... "Mama, bado?" Saumu huyo mlangoni. "Bado." "Anasema amesikia kitu kama kikohozi." "Mwambie ni mimi, mtu mzima hakohoi?" "Mama usinichekeshe, kasimama hapa hapa, anasema hana haraka, atasubiri umalize ndio akague feni ya bafu." Mtu mstaarabu, Mungu amsamehe ustaarabu wake. Na Kiswahili hajui hata neno, ningeweza kusema sasa hivi, mlango katikati, Saumu, kondoo mgonjwa, hafai, lakini nikisema hivyo akika haipo kesho, na nikirudi mimi kwetu Kilifi ni baada ya akika, ndivyo walivyoniambia, siku ya saba mtoto alikuwa bado hospitali, ya kumi na nne Abdulsalam alikuwa kazini, kesho ndiyo ya ishirini na moja, tiketi yangu ya Jumatatu, na baada ya hapo shekhe anasema siku yoyote inafaa, siku yoyote naijua mimi, ndiyo siku niliyokuwa nikiwaahidi wafugaji dawa, na juzi nimemsikia Saumu kwenye simu, Mama ata-extend tu, aongeze miezi, nyumbani ana nini... nina nyumba, nina funguo zake hapa kifuani, nina duka naliendea kwa miguu yangu, ndicho nilicho nacho. Na nikinyamaza nani atajua, kondoo wa akika hatakiwi kuwa na ugonjwa wa dhahiri, na dhahiri kwa nani, nikiufunga mdomo huu umefungika, nyama haimdhuru mtu, watakula, watamwombea Amna wangu, mtoto mwenyewe mdogo kama mkate, jina lake lisomwe juu ya mnyama ambaye bibi yake alimbana mdomo... hapana. Hapana. Kule kwetu nao kondoo wekundu wa asili hata hawaugui, wanaougua ni wa kuletwa, na ugonjwa ukiingia nilikuwa nikitia sahihi, mnada umefungwa, asiingie wala asitoke mnyama mpaka daktari aruhusu, na wafugaji wanaswaga mifugo yao kurudi, wao walikuwa na karatasi angalau, ina muhuri, unaweza kuichana, mimi karantini yangu nani aliyeitia sahihi? Hakuna. Mama kaa kwenye gari, nikakaa, Mama kaa humo, nimekaa, akika nimeifanya kibali cha kusafiri na hakuna aliyewahi kukiomba wala kukitoa... "Mama?" "Nipo." "Malizia taratibu, asishtuke." Nitamaliza. Nitatoka humu nimelowa ubavu mmoja, na nitayasema mawili, kondoo huyu mgonjwa na mwenye shamba apigiwe simu leo, mtafuteni mwingine, kesho au mwezi ujao, hilo la kwanza, na mimi Jumatatu naondoka, hilo la pili, na la pili halilingojei la kwanza, litawauma, litaniuma, Amna atakua ananijua kwa kioo cha simu, najua... maji yamepoa, Sheldon anapiga mluzi mdogo nje ya mlango, kondoo ananitazama kwa jicho lake la njano, na mkono wangu nimeuondoa mdomoni mwake, akitaka kulia na alie.